MAFUTA YA KIASI CHA BUNDUKI

Katika lugha ya Kiswahili nyumba ya nyuki huitwa mzinga, na bunduki kubwa ya vita nayo huitwa mzinga. Mtu akitazama upesi ataona kwamba vitu hivi viwili havina ujamaa isipokuwa wa umbo, kwa kuwa vyote ni kama gogo lililo wazi ndani. Walakini kuna ujamaa mwingine usiojulikana na wengi. Kwa miaka mingi, kabla ya kuvumbuliwa baruti isiyotoa moshi, askari mwenye bunduki ya mifuo hakuweza kuipiga vizuri mara nyingi mfululizo bila ya kitu kilichotoka kwa nyuki, au kwa ng'ombe, au kwa kondoo. Kitu hicho ni mafuta ya kupaka risasi.

Jambo la mafuta haya laonekana dogo. Hupikwa katika sufuria, kwa nta na shahamu, na mtu yeyote aliye mwangalifu aweza kuyapika nyumbani kwake. Lakini mwaka wa 1857 jambo hili dogo lilishiriki kuwasha vita vikubwa katika Bara Hindi, vita vilivyoua watu maelfu kwa maelfu na kuiondoa kampuni iliyokuwa na nguvu ya kutawala huko kwa muda wa miaka mia moja. Inafaa kueleza kwanza kazi ya mafuta yenyewe, kisha jinsi yanavyotengenezwa, ndipo itakapofahamika namna sufuria ya mafuta ilivyoweza kuleta msiba.

KAZI YA MAFUTA

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Inapowaka ndani ya bunduki haiishi yote. Chini ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa hewa yenye moto na nguvu, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Sehemu iliyobaki, ambayo ni zaidi ya nusu, ni majivu na chumvichumvi. Baadhi yake hutoka mdomoni mwa bunduki kama moshi mweupe mzito, na baadhi hubaki ndani ya mtutu. Siku ya jua kali na hewa kavu, uchafu huo hukauka ukawa mgumu kama ukoko wa chungu. Siku ya unyevu huvuta maji na kuanza kula chuma kwa kutu.

Gobori la zamani halikusumbuliwa sana na uchafu huo. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, na risasi yake ya mviringo ilikuwa ndogo kuliko tundu, kwa hiyo ilishuka kwa urahisi hata mtutu ulipokuwa umechafuka. Ubaya wake ulikuwa kwamba risasi iliyolegea hivyo haikwenda mahali ilipoelekezwa. Mafundi waliotaka shabaha njema walikata mifuo ndani ya mtutu, yaani mifereji inayozunguka kama nyuzi za parafujo, ili risasi izunguke na kwenda sawa. Lakini risasi haiwezi kuzunguka isipoishika mifuo, na risasi inayoishika mifuo haiwezi kushindiliwa upesi kwa mdeki kutoka mdomoni mwa bunduki. Hapo pakawa na shida kubwa: bunduki yenye shabaha ilikuwa ya taratibu, na bunduki ya upesi haikuwa na shabaha.

Mnamo mwaka wa 1849 ofisa mmoja wa Ufaransa, Claude-Étienne Minié, alitengeneza risasi ndefu iliyochongoka mbele na yenye shimo nyuma. Risasi hiyo ilikuwa nyembamba kidogo kuliko tundu la mtutu, ikashuka bila taabu. Na baruti ilipowaka, nguvu yake iliingia katika lile shimo na kuipanua risasi hata ikaishika mifuo. Waingereza walifuata njia hiyo, na mwaka wa 1853 walichagua bunduki mpya iliyoitwa Enfield, yenye mtutu wa upana wa milimita 14.7. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 34 hivi, na baruti yake ilikuwa gramu 4 na nusu karibu.

Baruti na risasi vilifungwa pamoja katika karatasi iliyokunjwa kama mwanzi mdogo. Kifungo hicho kiliitwa kiasi, kwa kuwa baruti iliyomo ilikuwa imekwisha kupimwa. Askari alikirarua kichwa cha kiasi kwa meno, akamimina baruti mtutuni, akakigeuza, akaiingiza risasi pamoja na karatasi yake, akairarua karatasi iliyozidi, kisha akashindilia kwa mdeki. Sehemu ya karatasi iliyoifunika risasi ilipakwa mafuta kwa nje. Mafuta hayo yalikuwa na kazi tatu. Kwanza, yaliizuia risasi isikwaruze na kuacha madini yake juu ya chuma. Pili, yaliulainisha uchafu wa baruti, hata kila risasi mpya ikaufagia uchafu wa ile iliyotangulia. Tatu, yaliikinga karatasi isiingiwe na maji. Pasipo mafuta, baada ya kupiga mara chache, mdeki ulikataa kushuka, na askari akabaki na fimbo ya chuma mkononi mbele ya adui.

NAMNA YA KUYAPIKA

Mafuta mazuri ya risasi lazima yawe na sifa mbili zinazopingana: yawe magumu ya kutosha yasitiririke juani, na yawe laini ya kutosha yasipasuke na kubanduka wakati wa baridi. Hakuna kitu kimoja chenye sifa zote mbili kwa ukamilifu, ndiyo sababu mafundi huchanganya.

Nta ya nyuki ni ngumu. Huyeyuka penye moto wa digrii 63 hivi za Sentigredi, haiozi, na haileti madhara juu ya risasi hata ikikaa miaka mingi ghalani. Kosa lake ni kwamba wakati wa baridi huwa kavu na kukakamaa. Shahamu ya ng'ombe au ya kondoo ni laini na huteleza vizuri, nayo huulainisha uchafu upesi. Lakini ina makosa makubwa katika nchi za joto. Huyeyuka upesi zaidi ya nta, ikanywewa na karatasi na kuiharibu baruti. Ikikaa sana huchacha, na uchachu wake huila risasi ukaifanyia ukoko mweupe unaoinenepesha, hata risasi iliyotoka kiwandani ikiwa ya kipimo sawa haiingii tena mtutuni.

Mchanganyiko wa kwanza wa Waingereza kwa Enfield ulikuwa na mafuta ya wanyama kwa wingi na nta kidogo. Halafu wakaugeuza, wakaweka mafungu 5 ya nta kwa fungu 1 la shahamu. Mabadiliko hayo yalitoka katika majaribio ya ghala na ya safari za baharini, kwa kuwa risasi za jeshi hupikwa Uingereza katika baridi na hupigwa katika nchi ambazo jua huweza kuyeyusha mshumaa mezani.

Mpaka leo wako watu katika Marekani na Uingereza wanaopenda kupiga shabaha kwa bunduki za baruti nyeusi, za kale au zilizoigizwa, nao huyapika mafuta yao wenyewe. Huchukua nta, wakaiongeza shahamu isiyo na chumvi, au mafuta ya zeituni, au ya mbarika, au yale mafuta mazito yanayotoka katika sufu ya kondoo. Chumvi hukatazwa kabisa kwa sababu huleta kutu. Mafuta yanayochimbwa ardhini, kama yale ya mashine, wengi wao huyaepuka, maana yakiungua pamoja na baruti nyeusi huacha uchafu mgumu kama lami. Nta haiwekwi juu ya moto wenyewe, kwa kuwa huweza kushika moto. Chombo chake huwekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, na vitu huyeyuka polepole huku vikikorogwa kwa kijiti.

Fundi hapimi kwa mizani tu. Huyaacha mafuta yapoe, akayabonyeza kwa kidole: yakiwa kama nta tupu huongeza mafuta laini, na yakiwa kama samli huongeza nta. Mtu wa nchi ya joto huweka nta zaidi, na mtu wa nchi ya theluji huweka mafuta laini zaidi. Kisha hupiga risasi kadhaa na kuutazama mdomo wa bunduki. Akiona duara la mafuta yaliyolowa, lenye ncha kama nyota kufuata mifuo, hujua kwamba mafuta yametosha kufika mpaka mwisho wa mtutu. Akiona ukavu na weusi, hujua kwamba yameisha njiani. Wengine hupuliza pumzi zao katika mtutu kwa mwanzi baada ya kila risasi, maana unyevu wa pumzi nao huusaidia uchafu kulainika.

Basi hayo ndiyo mafuta ya risasi. Hayana siri wala uchawi. Wanaoyapika leo hujua kila kilichomo, kwa kuwa wamekitia kwa mikono yao wenyewe. Jambo hilo la kujua kilichomo ndilo lililokosekana katika Bara Hindi.

ONYO LA MWAKA WA 1853

Wakati ule sehemu kubwa ya Bara Hindi ilikuwa chini ya Kampuni ya Waingereza ya Biashara ya Mashariki. Jeshi kubwa la Kampuni lilikuwa Jeshi la Bengal, na wengi wa askari wake, walioitwa sipahi, walikuwa Wahindu wa matabaka ya juu, pamoja na Waislamu. Kwa Mhindu ng'ombe ni mnyama mtakatifu, na kuonja mafuta yake ni kujitia unajisi utakaomfukuzisha katika jamaa yake. Kwa Mwislamu nguruwe ni haramu. Na kiasi cha Enfield kiliraruliwa kwa meno.

Mwaka wa 1853 viasi vya Enfield vilipelekwa Bara Hindi ili vijaribiwe kama mafuta yake yatastahimili joto la huko. Msimamizi wa mambo ya askari katika Jeshi la Bengal, Kanali Henry Tucker, aliliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Aliandika kwamba isipojulikana hakika kuwa mafuta hayo hayana kitu cha kuchukiza dini za askari, viasi hivyo visipewe askari wa Kihindi. Barua yake haikufuatwa. Viasi vilijaribiwa juu ya joto, havikujaribiwa juu ya mioyo ya watu.

Mwaka wa 1856 kazi ya kutengeneza viasi vya namna hiyo ilianza katika Bara Hindi yenyewe. Shahamu ililetwa na mfanyi biashara aliyepewa kandarasi, wala hakuagizwa iwe ya mnyama gani. Hakuna aliyekusudia kuwanajisi askari. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza.

MANENO YA DUM DUM

Mahali paitwapo Dum Dum, karibu na Calcutta, palikuwa na ghala la silaha na chuo cha kufundishia bunduki mpya. Mnamo Januari, 1857, kama ilivyosimuliwa, mfanyi kazi mmoja wa ghala hilo, mtu wa tabaka la chini, alimwomba askari wa tabaka la Mabrahmani maji ya kunywa katika chombo chake cha shaba. Askari alikataa, akisema kwamba chombo kitanajisika. Yule mfanyi kazi akamjibu kwamba muda si mrefu askari wote watakuwa hawana tabaka, kwa kuwa watauma viasi vilivyopakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe.

Neno hilo lilienea kama moto wa nyika. Tarehe 22 Januari mkubwa wa chuo, Meja Bontein, aliwapanga askari wake na kuwauliza kama wana malalamiko. Wengi wao walisogea mbele, pamoja na maofisa wote wa Kihindi. Walieleza kwa adabu kwamba wanayachukia mafuta ya viasi vipya, wakaomba mahali pake itumike nta pamoja na mafuta ya mimea. Yafaa kulikumbuka ombi hilo. Hawakuikataa bunduki, wala hawakukataa kazi. Walileta shauri la fundi: nta na mafuta.

Mkubwa wa majeshi ya mahali pale, Jenerali Hearsey, alikuwa mzee aliyeijua vizuri lugha ya askari wake. Alishauri waruhusiwe kununua vitu vyao sokoni na kuyachanganya mafuta wenyewe. Serikali ya Calcutta ilikubali tarehe 27 Januari, siku tano tu baada ya malalamiko. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyesikia. Jibu lilikuwa jema, tena lilikuwa la upesi kwa serikali ya zamani zile. Lakini lilikuja baada ya zaidi ya miaka mitatu tangu barua ya Kanali Tucker, na wakati huo imani ilikuwa imekwisha kutoka nyumbani.

Palikuwa na wakubwa wengine waliosema kwamba ruhusa hiyo yenyewe italeta shaka. Walikumbusha kwamba vikosi fulani vya sipahi vilikuwa vimetumia mafuta ya kondoo na nta kwa miaka kadhaa pasipo nung'uniko lolote. Sasa wakiambiwa wajitengenezee, watadhani kwamba mafuta ya kwanza yalikuwa na ubaya kweli. Hoja hiyo nayo ilikuwa na maana. Mtu aliyeficha jambo, au aliyeonekana kama ameficha, akilitengeneza hulaumiwa, na akiliacha hulaumiwa.

SHAKA ILIHAMIA KATIKA KARATASI

Askari walipoambiwa kwamba mafuta watayapika wenyewe, shaka yao haikufa, bali ilihama. Mwezi wa Februari, katika kambi ya Barrackpore, walianza kuiogopa karatasi. Ilikuwa karatasi mpya, ngumu na yenye kung'aa. Walipohojiwa mbele ya baraza la uchunguzi, baadhi yao walisema kwamba inang'aa kwa sababu imeloweshwa mafuta, na kwamba ikichomwa huungua kama kitu chenye mafuta. Karatasi hiyo ilipimwa na mtaalamu, naye hakuona mafuta ndani yake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Habari za mtaalamu hazikuwafaa watu waliokuwa wamekwisha kuacha kumwamini aliyemtuma.

Tena mafuta hayakuwa sababu peke yake. Mwaka wa 1856 Kampuni ilikuwa imeitwaa nchi ya Awadh, ambayo ndiyo nyumbani kwa askari wengi wa Jeshi la Bengal. Mwaka huo huo ilitolewa sheria kwamba askari wapya watakubali kupelekwa ng'ambo ya bahari, jambo ambalo Wahindu wengi wa matabaka ya juu waliliogopa kwa ajili ya dini yao. Palikuwa na manung'uniko juu ya posho, juu ya ardhi, na juu ya dharau ya baadhi ya maofisa vijana. Baruti ilikuwa imekwisha kumwagwa. Kiasi kilikuwa cheche.

Tarehe 26 Februari kikosi cha 19 cha Berhampore kilikataa kupokea fataki kwa ajili ya mazoezi. Serikali ikaamuru kikosi hicho kivunjwe. Tarehe 29 Machi, huko Barrackpore, askari kijana aitwaye Mangal Pandey alichukua silaha na kuwashambulia maofisa wake. Akanyongwa tarehe 8 Aprili. Wakati huo amri ilikuwa imekwisha kubadilishwa, na askari waliruhusiwa kurarua kiasi kwa vidole badala ya meno. Badiliko hilo nalo lilikuwa jema, nalo lilichelewa.

MEERUT

Mwisho wa mambo ulitokea Meerut, mji ulio upande wa kaskazini ya Delhi. Tarehe 24 Aprili, 1857, mkubwa wa kikosi cha tatu cha askari wa farasi aliwaita askari wake 90 waliochaguliwa, akataka kuwaonyesha namna mpya ya kurarua viasi kwa mikono. Viasi alivyowapa vilikuwa vya namna ya zamani, vile vile walivyovitumia siku zote. Wenyewe waliogopa kwamba wakivigusa tu, wenzao watasema wamevikubali viasi vipya, na jina lao litaharibika. Askari 85 walikataa.

Walihukumiwa na baraza la maofisa wa Kihindi wa jeshi, na wengi wao walipewa kifungo cha miaka kumi pamoja na kazi ngumu. Tarehe 9 Mei walisimamishwa mbele ya majeshi yote, wakavuliwa mavazi yao ya kazi, na mafundi wakawafunga minyororo miguuni mmoja mmoja. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi katika jua. Baadhi yao walikuwa wazee wa utumishi waliopigana vita vingi kwa ajili ya Kampuni. Walilia na kuwaita wenzao kwa majina, na wenzao walisimama kimya.

Kesho yake, Jumapili tarehe 10 Mei, askari wa Meerut waliasi. Waliwafungua wafungwa, wakaua maofisa na watu wengine, hata wanawake na watoto, wakaenda Delhi usiku ule. Vita vilivyofuata vilienea Kanpur, Lucknow na nchi nyingi za kaskazini, vikaendelea hata mwaka wa 1858. Ukatili ulitendwa na pande zote mbili, na kisasi cha Waingereza kilikuwa kikali mno: vijiji vilichomwa, na watu walinyongwa kwa wingi, wengi wao pasipo kuhukumiwa kwa haki. Mwaka wa 1858 utawala wa Kampuni ulikomeshwa, na nchi ikawekwa chini ya Malkia wa Uingereza.

Jambo la kusikitisha zaidi ni hili. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba viasi vilivyopakwa shahamu havikufika katika mikono ya sipahi isipokuwa vichache sana, kama vilifika. Watu walikufa kwa ajili ya mafuta ambayo wengi wao hawakuyaona kamwe.

NTA TUPU

Katika vita vile vile askari wa Kiingereza waliokuwa na bunduki za Enfield walipata taabu yao wenyewe. Joto la Bara Hindi liliyayeyusha mafuta, karatasi ikakauka, na risasi zikakataa kushuka mtutuni. Baada ya vita wakubwa wa silaha walichunguza habari hiyo. Waliipunguza risasi unene kidogo, kisha wakaiacha shahamu, wakachagua kupaka viasi nta tupu ya nyuki.

Hapo ndipo penye mafundisho makubwa ya habari hii. Nta haimchukizi Mhindu wala Mwislamu. Nta haichachi wala haiili risasi, na ndiyo inayostahimili jua. Wale askari wa Dum Dum waliosogea mbele tarehe 22 Januari, 1857, wakaomba nta na mafuta ya mimea, walisema kwa ajili ya dini yao, lakini shauri lao lilikuwa karibu na lile ambalo mafundi walilifikia baadaye kwa majaribio. Laiti mtu angaliwauliza mwaka wa 1853, dini yao ingalihifadhiwa, na bunduki nayo ingalipata mafuta yaliyo bora.

Nta haikuacha kazi yake katika bunduki kwa miaka mingi. Bunduki ya Martini-Henry, ambayo Waingereza waliichagua mwaka wa 1871 na ambayo ilifika Afrika ya Mashariki pia, ilitumia kiasi cha shaba badala ya karatasi, nacho kiliwekwa kisahani cha nta nyuma ya risasi. Askari hakukiona kisahani hicho, wala hakukiuma, lakini kila alipopiga kilipakaza mtutu. Hata baada ya Ufaransa kuanza kutumia baruti isiyo na moshi mwaka wa 1886, baruti nyeusi haikwisha mara moja. Vita vilipoanza mwaka wa 1914, wengi wa askari waliotumikia Wadachi katika Afrika ya Mashariki walikuwa bado na bunduki za Mauser za namna ya mwaka wa 1871, na moshi wao mweupe uliwaonyesha adui mahali walipojificha.

Siku hizi baruti nyeusi ni ya wapenda shabaha na wapenda historia. Sufuria zao huchemka jikoni, na mabishano yao juu ya zeituni na mbarika hayamwagi damu ya mtu. Lakini mambo yanayofanana na kiasi cha Enfield hayajaisha duniani. Daktari aletaye dawa mpya, bwana shamba aletaye mbegu mpya, mwenye kiwanda auzaye chakula ndani ya kopo, wote huwataka watu wapokee kitu ambacho hawakukitengeneza wao. Mtu anayepokea ana haki ya kuuliza kilichomo, na anayeleta ana wajibu wa kumjibu kabla hajaulizwa. Akifanya hivyo mapema, gharama yake ni maneno machache. Akingoja mpaka shaka imekwisha kuota, hata ukweli wenyewe utaonekana kuwa hila.

Wazee walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wa mwaka wa 1857 ulikuwa mafuta kidogo juu ya karatasi, na yule aliyeuona mapema aliandika barua, barua ikawekwa kando.